Ukiondoka, Usiage

"Fungua geti basi, tuongee kama watu."

"Watu huaga wakiondoka."

"Nimekaa kwenye basi siku mbili, nimevuka mpaka, miguu imevimba. Hata maji ya kunywa utaninyima?"

"Bomba liko hapo nje ya ukuta. Uliliweka mwenyewe, sina haja ya kukuonyesha."

Mlinzi wetu, mzee asiyetenganishwa na redio yake, aliizima ili asikose neno. Nikamtupia jicho. Akajifanya anatafuta betri.

Miezi minne nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia huyu mwanaume. Nilikuwa nayasema jikoni, nayasema nikifua, nayasema nikimvalisha mtoto soksi mpaka mtoto ananiuliza naongea na nani. Sasa amesimama mbele yangu, mashati yake mawili kwenye mfuko wa plastiki, na yale maneno yote mazuri yamenikimbia. Imebaki hasira tu, nayo haikuwa na mpangilio.

Mimi ni mlezi kwenye kituo cha watoto yatima. Watoto arobaini na watatu, walezi watatu, vyoo viwili na kimoja kibovu. Mashuka yetu yameshonwa katikati mara nyingi mpaka mtoto anaamka na alama ya mshono shavuni. Wafadhili walituchoka zamani. Waliobaki ni wa kujitolea, wanakuja kutoka nchi za watu kwa wiki tatu, wanapaka ukuta rangi, wanapakata watoto, wanapiga picha, wanaondoka. Ukuta wa mbele umepakwa rangi mara sita. Paa linavuja hadi leo.

Huyu alikuja kutoka nchi jirani na begi la spana. Hakuuliza pa kupigia picha, aliuliza tangi liko wapi. Siku ya tatu watoto wakaoga kwa maji yanayotoka ukutani, wakawa wanafungua na kufunga bomba kama wamepewa kichezeo. Wakamwita Mjomba Fundi, nami nikaanza kumwita Fundi, kisha nikaacha kumwita chochote kwa sababu sauti yangu ilikuwa inanisaliti.

Tulipendana kwenye kukamua mashuka, yeye akishika ncha hii, mimi ile.

"Mikono yako ina nguvu kuliko spana zangu."

"Kamua, acha maneno."

Wiki ya tano akaniambia anataka kunioa. Nikamwambia akamwone kaka yangu. Wiki ya sita, Jumatatu, nimetoka kuwapeleka watoto shule, nikakuta kitanda chake kimetandikwa vizuri na begi halipo. Saa sita mchana ujumbe ukaingia: "Nimeshavuka mpaka. Nisamehe, sikutaka kukuliza. Nitarudi." Nikaifungia namba yake hapo hapo, huku nalia.

Sasa yuko getini ananiomba maji.

"Unajua ulichofanya?" nikamuuliza.

"Najua. Nimekukosea."

"Mimi nitapona. Nina miaka thelathini na mbili, nimeshaachwa na wenye sura nzuri kuliko yako. Namzungumzia Kasuku."

Uso wake ukabadilika. Kasuku ni binti wa miaka sita, tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Akitoka shule alikuwa nyuma ya Fundi, amembebea ufunguo wa bomba, anamsimulia habari za shule.

"Kasuku amefanya nini?"

"Siku ile alitoka shule akaenda chumbani kwako, akarudi, akaniuliza uliondoka saa ngapi. Nikamwambia mlipokuwa shule. Tangu kesho yake hajakanyaga darasani. Nikimshika mkono anakumbatia nguzo ya kitanda. Anasema akienda shule, watu wanaondoka."

"Miezi minne?"

"Miezi minne. Mkurugenzi ameshaandika barua. Mwisho wa mwezi anahamishiwa kituo kingine, cha mbali, chenye shule ndani ya uzio. Zimebaki siku tisa. Mtoto hana baba, hana mama, ana sisi tu, na sisi tunamwondoa kwa sababu wewe ulishindwa kufungua mdomo ukasema kwaheri."

Akashika vyuma vya geti kwa mikono miwili.

"Nani aliniambia nisiage?"

"Nini?"

"Siku niliyofika ulinikalisha pale kwenye benchi. Ukaniambia, sheria ya kwanza ya hapa, ukiondoka, usiage. Uondoke watoto wakiwa shule. Wakikuona na begi watalia, wewe utakuwa kwenye basi, mimi ndiye nitabaki nao. Ni maneno yako."

Ni maneno yangu. Miaka tisa nimemwambia hivyo kila mgeni. Mkurugenzi aliyapenda, akayaandika kwenye karatasi na kuyabandika mlangoni pa ofisi. Wageni wangapi nimewatoa kwa mlango wa nyuma watoto wakiwa darasani wanahesabu vijiti? Sijawahi kukosa usingizi kwa ajili ya hilo.

"Nilisema watoto," nikamjibu. "Mimi ni mtoto?"

Mlinzi akakohoa. "Mkuki kwa nguruwe, mwanangu."

"Mzee, washa redio yako."

"Betri zimeisha."

Fundi akasema taratibu, "Ukweli wote ni huu. Niliogopa. Ningekuangalia machoni nisingepanda basi, na kazi kule ilikuwa inanisubiri. Kuondoka kimya ni rahisi. Sheria yako ilinifaa."

Hapo ndipo nilipokasirika kupita kiasi, kwa sababu alikuwa amesema siri yangu. Ile sheria haikuwa ya watoto. Ilikuwa ya kutupunguzia sisi wakubwa kelele.

Kabla sijajibu, kitu kikagonga geti kwa kishindo. Ndala. Kasuku alikuwa nyuma yangu, mguu mmoja uchi.

"Muongo," akasema.

Ndala ya pili ikafuata.

Nikafungua geti. "Ingia. Lakini hujaja kwangu. Umekuja kwa huyu."

Fundi akachuchumaa kwenye vumbi. Kasuku hakumsogelea.

"Uliondoka nikiwa wapi?"

"Ukiwa shule."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utalia."

"Nililia."

"Najua. Nimekosa. Ulitakiwa kulia nikiwepo."

Kasuku akaokota ndala zake, akazivaa, akaenda kukaa ngazini akiwa ametupa mgongo.

Mkurugenzi alitoka ofisini miwani ikiwa kwenye paji la uso. "Dada, nani kamruhusu huyu? Unataka watoto waanze kulia upya?"

"Mama, naomba ile barua ya uhamisho ikae kwanza."

"Ikae kwa sababu gani?"

Nikapita pembeni yake, nikaibandua ile karatasi mlangoni. Gundi ilikuwa ya miaka, ikatoka na rangi.

"Kwa sababu kosa si la mtoto. Ni la hii, na aliyeitunga ni mimi."

"Watoto arobaini na watatu wakilia kwa pamoja, nani atawanyamazisha?"

"Wasinyamazishwe. Walie."

"Usinipandishie sauti, mimi si mchumba wako."

"Nisamehe, mama. Lakini nipe hizo siku tisa."

Akanitazama, akamtazama Fundi, akateremsha miwani. "Siku tisa. Na kile choo kibovu kitengenezwe kabla hajaenda popote."

Alikitengeneza kwa siku mbili. Sikumsemesha. Siku ya tatu akanifuata kwenye mashuka, akashika ncha yake bila kukaribishwa.

"Nataka kuhamia hapa," akasema. "Mabomba yanavuja kila nchi, sitakosa kazi. Ila lazima nirudi nikabidhi kazi ya kule na nimlete mama yangu kwa kaka yako. Wiki mbili."

"Kwa hiyo unaondoka tena."

"Alhamisi asubuhi."

"Wewe una wazimu kweli. Hata ndala hazijakutosha."

"Naondoka kwa kuaga. Mbele ya wote. Na wewe nakuaga sasa hivi, siku tatu kabla, ili upate muda wa kunitukana."

Nikamtukana. Nilianza na miguu yake iliyovimba nikapanda juu. Alikuwa ananisikiliza huku anakamua, na nilipofika kwenye mama yangu aliyenizaa na bahati mbaya, sauti ikakatika nikalia kwenye shuka lililolowa. Hakuniambia ninyamaze. Jioni kabla ya chakula nikaifungulia namba yake.

Alhamisi tuliwapanga watoto uani na sare zao. Fundi alisimama mbele yao, begi mgongoni, kila mtu analiona.

"Naondoka leo. Nitarudi Jumamosi, si hii wala ile inayofuata, ya tatu. Nikikwama, nitapiga simu na Mama Mlezi atawaambia ukweli wote, hata kama ni mbaya."

Ilikuwa asubuhi chafu. Wadogo walianza kulia, wakubwa wakafuata, wengine hata hawakujua wanamlilia nani, walipata nafasi wakaitumia. Mkurugenzi alisimama mlangoni akapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. Nililia pamoja nao, nikiwa na hasira naye kwa kila chozi, na hasira zaidi na yule mlezi wa miaka tisa aliyeiba vilio vya watoto akidhani anawaonea huruma.

Kasuku hakulia. Alimsindikiza hadi getini, akasimama hadi basi lililompakia ng'ambo ya barabara likaondoka na kukata kona. Kisha akaingia bwenini akatoka na mfuko wake wa madaftari.

Nisiwaweke roho juu: alirudi. Ijumaa, siku moja kabla, na mama yake anayelalamikia viti vya basi. Kaka yangu alimhoji kama polisi, na tukaoana. Barua ya uhamisho haikutumwa. Lakini sitaki kuishia harusini, nataka kuishia ile Alhamisi, njiani kuelekea shule, mkono wa Kasuku ukiwa ndani ya wangu.

"Fundi akirudi utaolewa?"

"Akirudi, ndiyo."

"Halafu utaondoka?"

Ulimi wangu ulikuwa na uongo tayari, ule laini, wa kazini. Nikaumeza.

"Sasa hivi siondoki. Labda siku moja. Sijui."

"Ukijua utaniambia?"

"Wewe wa kwanza."

"Kabla sijaenda shule. Si nikirudi."

"Kabla hujaenda shule."

Akawaza mpaka mlangoni pa darasa. Halafu akauachia mkono wangu, akaingia, na hakugeuka kuangalia kama bado nipo.