Chama cha Wanaokaa Ngazini

Binti wa fundi cherehani hakujua kutulia. Nyumbani walimwita Pilikapilika. Asubuhi ile alikunywa chai amesimama, huku mama yake akimshonea kifungo cha mkononi.

"Keti, mwanangu. Sindano haina macho."

"Nitaketi Ijumaa, mama."

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kusajili vyama pale chuo kikuu. Chama kikisajiliwa, kinapewa chumba. Wanafunzi waliotokea majumbani, yeye akiwa mmoja wao, hawakuwa na pa kukaa baina ya vipindi. Walisomea ngazini, wakipisha ndoo za wafagizi. Basi Pilikapilika akaandika katiba, akajaza fomu, akaipeleka. Jana ilirudishwa.

Jirani yao, katibu wa ushirika wa maseremala, alikuwa amekuja kuchukua suruali yake. Akavaa miwani, akaisoma ile fomu.

"Mwenyekiti, wewe. Katibu, wewe. Mweka hazina, wewe. Mkipiga kura utabishana na nani?"

Mama alicheka mpaka akatema pini.

"Wenzangu wazito, baba. Nikiwangoja, Ijumaa itanipita."

"Uliwaita lini wakakataa?"

Hakuwa amewaita.

"Anza na mkutano," jirani akasema. "Siku na saa vijulikane mapema. Isomeni katiba kifungu kwa kifungu. Wasichokitaka kifutwe. Chagueni viongozi, kila kazi na mtu wake. Kiongozi akipata udhuru, ijulikane nani atashika kazi yake. Katibu aandike kila linaloamuliwa. Kisha mwombeni mwalimu mmoja awe mlezi, atie sahihi."

"Na mimi je?"

"Wewe ufunge mdomo uwasikilize. Hiyo ndiyo kazi ngumu."

Jumatano walikutana ngazini, watu thelathini na mmoja. Pilikapilika alikalia mikono yake. Walifuta vifungu viwili alivyovipenda sana. Uenyekiti wakampa msichana mpole ambaye sauti yake hakuwahi kuisikia. Yeye wakamchagua katibu. Ilimchoma, lakini aliandika yote: nani afanye nini, lini, na wapi. Alhamisi mwalimu akatia sahihi fomu mpya, nayo ikabaki kwa mwenyekiti pamoja na muhtasari.

Ijumaa aliamka na homa. Akatafuta viatu. Mama alikuwa amevificha.

"Mama, fomu!"

"Kwani hamna mwenyekiti?"

Siku nzima alijigeuza kitandani kama chapati. Alitazama simu, akatazama dirisha, akatazama simu tena. Saa kumi jioni simu ikalia. Alikuwa yule mpole.

"Katibu, tumesajiliwa. Tumepewa chumba kile karibu na maktaba."

"Nani alikuambia fomu inapelekwa dirisha lipi? Na kwamba wanataka nakala tatu?"

"Si uliandika kwenye muhtasari wa mkutano? Tumefuata ulivyoandika. Ugua pole, wenzako wanakusalimu. Wanapanga viti."

Wanapanga viti, na yeye hayupo. Pilikapilika aliiweka simu chini. Akajiinua, akaegemea ukuta, akaomba chai.

Mama alimletea kikombe, akamtazama.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Ijumaa imefika, na umeketi."