Mnyororo wa Mashine ya Kukandia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alisafisha mashine ya kukandia unga katika duka la mikate la mama yake. Jina hilo alipewa kwa kupenda soga. Alikwangua beseni la mashine kwa mwiko wa chuma, kisha alitakiwa kuutundika ukutani. Mara nyingi aliusahau ndani.

Hakuna aliyeumia. Mashine iliendeshwa kwa mkanda wa mpira. Mwiko ukikwama, mkanda uliteleza, mashine ikasimama, na mama akauchomoa huku akifoka, "Wewe mtoto, akili umeziacha kitandani?"

Lakini mkanda uliteleza hata unga ulipokuwa mzito, mikate ikachelewa, na wateja wakaanza kununa. Mama akamwita fundi.

"Nifungie mnyororo."

"Dada, mnyororo hautelezi," fundi alimwonya. "Kitu kikikwama, utalazimisha mpaka kitu kivunjike au mtu aumie. Afadhali nikufungie mkanda mpana zaidi."

"Mikanda imenichosha. Funga mnyororo!"

Fundi akaufunga, kisha akamgeukia Chiriku. "Umesikia? Kisibaki kitu humo ndani."

"Nimesikia, mjomba," alijibu Chiriku, macho yakiwa barabarani.

Asubuhi moja, rafiki yake alimwita kutoka nje. Chiriku aliuacha mwiko ndani ya beseni akatoka mbio. Hakufika mbali. Alisikia chuma kikigongana, halafu ukelele wa mama. Mama alikuwa amewasha mashine bila kutazama ndani, na mwiko ulipokwama akaingiza mkono kuuchomoa, kama alivyozoea. Safari hii mashine haikusimama.

Hospitalini alikatwa vidole viwili.

Fundi alirudisha mkanda, ule mpana, akafunga na kifuniko cha wavu juu ya beseni. Unga mzito ukakandika bila shida. Hata hivyo, dukani hakuna aliyefurahi.

"Mama, mimi ndiye niliyeuacha mwiko," Chiriku alisema, machozi yakimtoka.

"Najua. Na mimi nilionywa, nikajitia uziwi." Mama hakupandisha sauti. "Mkanda ulikuwa unatusamehe, mwanangu. Wewe uzembe wako, mimi haraka zangu. Tukadhani hatukosei. Kazi yako ifanye sawasawa hata pale unapoona hakuna litakaloharibika."

Mama akamnyooshea kitambaa cha kichwa.

"Njoo unifunge. Mwenyewe siwezi tena."