Gari la Baba Mkwe

Jumamosi hiyo ilianza vizuri tu. Jirani yetu, fundi ambaye mtaa mzima tulimwita Kipara ingawa alikuwa na nywele tele, alilisukuma gari la marehemu baba mkwe wake hadi katikati ya ua. Lilikuwa gari la zamani, refu, la rangi ya maziwa, la enzi zile magari yalipotengenezwa kwa chuma na si kwa maringo. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: usukani ulikuwa mzito kama kabati lililojaa, maana pampu ya pawa stering ilikuwa imekufa.

Gari lenyewe Kipara hakuwa na shida nalo. Alichokitaka ni mke wake arudi kuwa yule wa zamani. Tangu mzee afariki, mwanamke yule mcheshi, aliyekuwa akimtania mumewe hata mbele ya wateja, alikuwa akishinda kwenye kiti cha dereva cha gari bovu, vioo vimepandishwa, akinong'ona peke yake. Huenda likitembea, akaliendesha mwenyewe, moyo wake ungetulia. Ndivyo Kipara alivyojipa matumaini. Mzee hakuwahi kumkubali. Mpaka anaingia kaburini alikuwa akisema binti yake amekaa kwa watu tu, kwake ni kwa baba yake.

Basi Kipara akafunga pampu mpya, akajaza mafuta mekundu kwenye kikopo chake, akaliinua gari kwa jeki na kuliegemeza mbele juu ya stendi mbili za chuma, magurudumu yakaning'inia. Ilibaki kutoa upepo uliojificha kwenye mipira ya mafuta. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anazungusha usukani mpaka mwisho, huku na huku. Mwingine anatazama mafuta yakitoa mapovu, anaongeza. Injini inanguruma na boneti iliyoinuliwa inaziba kioo chote, kwa hiyo hao wawili walikuwa na utaratibu wao tangu siku za uchumba: mume anataja upande, mke akifika mwisho anagusa honi. Hawakuwahi kuhitaji kuonana.

"Kushoto!"

Honi.

"Kulia!"

Honi.

Mapovu yakapungua. Usukani ulikuwa ukienda laini, bila kukwama hata kidogo. Kipara akachangamka, akaanza utani wake wa zamani.

"Leo umekula nini, mke wangu? Mbona una nguvu hivyo?"

Honi ikalia, fupi. Akacheka mwenyewe. Alikuwa na furaha, jamani, furaha ambayo hakuwa ameipata tangu msiba.

"Unaongea na nani?"

Akageuka. Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kajifunga taulo, nywele zinachuruzika maji.

"Si uko kwenye gari?"

"Nilikwambia naenda kuoga. Ukaitikia."

Wakatazamana. Magurudumu yakageuka kushoto. Polepole. Mpaka mwisho.

Honi.

Kipara alichomoa waya wa koili, ule unaopeleka moto kwenye plagi, injini ikazima. Akazunguka boneti. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Alipomtazama mkewe, alimkuta akitabasamu.

"Ni baba," alinong'ona. "Anajaribu kama limepona."

"Ingia ndani."

"Baba hawezi kunidhuru, mume wangu."

Akamvuta ndani, akamsihi avae. Akafunga mlango kwa nje, akakimbia kutuita sisi majirani. Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwake. Waya wa koili ulikuwa mkononi. Hata hajafika kwenye uzio wangu, tukasikia injini.

Tulirudi mbio. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Geti lilikuwa wazi. Zile stendi mbili zilikuwa zimesimama palepale, hazijaanguka, hazina kitu juu.

Tulizunguka barabara zote tunazozijua. Tuliuliza hospitali, tuliuliza polisi, tuliuliza wauza vocha waliokaa njiani mchana kutwa. Hakuna aliyeliona. Kipara hakulia. Alikuwa akitaja jina la mkewe tu, kwa sauti ya chini, mpaka likakosa maana.

Jua linazama, tukamrudisha kwake. Gari lilikuwa uani. Limeegemea stendi zake, magurudumu yananing'inia, boneti juu. Nikaigusa injini. Ya baridi. Mkewe hakuwemo, na mpaka leo hajaonekana.

Kipara alifungua mlango wa dereva, akaganda. Nikachungulia juu ya bega lake. Kwenye usukani kulikuwa na alama za mafuta mekundu, bado mabichi. Viganja vidogo vya mwanamke. Na juu yake viganja vikubwa, vimevigandamiza. Vidole vile vidogo vyote vilikuwa vimeacha michirizi, kama vya mtu aliyekuwa akijaribu kujichomoa.