Sufuria Yenye Alama ya Bluu

Kifuniko kilikuwa kikigonga ukingo wa sufuria, tik, tik, tik, polepole, huko jikoni gizani. Nice akafumbua macho. Hata jogoo wa jirani alikuwa bado hajawika. Sauti ile ingepaswa kumfurahisha, maana ilikuwa Jumatatu ya likizo, na leo walikuwa wanakwenda kutembea kwenye maporomoko ya maji, kule juu karibu na msitu wa Mlima Meru. Lakini Nice alikijua kifuniko kile. Kilikuwa kimepinda upande mmoja, na kilikuwa cha sufuria ya Talia.

Akavuta blanketi mpaka kidevuni. Talia alikuwa anapika chakula cha safari, na Nice peke yake ndiye aliyejua kilichoingia katika sufuria ile jana. Yeye na mdogo wake Lucky.

Talia alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, Myahudi kutoka Toronto, Kanada. Alikuwa amemaliza sekondari, na kabla ya kuingia chuo kikuu aliamua kutoa mwaka mmoja wa kujitolea ugenini, kama wanavyofanya baadhi ya vijana wa dini yake. Mama yake Nice alipoelezwa hayo alicheka. "Kumbe ni kama hawa wetu wanaomaliza kidato cha sita wakaenda JKT kulitumikia taifa," alisema. "Ila huyu kajipeleka mwenyewe."

Hapo kijijini Nkoaranga alikaa nyumbani kwa kina Nice, akasaidia kwenye kitalu cha miche cha shule. Jumamosi hakushika jembe wala simu, kwa kuwa ndiyo siku yake ya kusali na kupumzika. Siku zake nyingine za mapumziko aliwachukua Nice na Lucky wakaenda matembezi ya kwenda na kurudi. Walikwisha kwenda Ziwa Duluti, na pia makumbusho ya mjini Arusha, ambako Lucky alilala kwenye benchi.

Wiki ya kwanza tu, Talia alinunua sufuria mpya soko la Tengeru, akaipaka alama ya bluu ukingoni kwa rangi ya kucha.

"Mimi nakula nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wa dini yangu tu, Mama," alieleza kwa Kiswahili chake cha kutafuta neno mojamoja. "Hapa siipati, basi, naacha. Na sufuria iliyopika nyama nyingine, chakula changu siwezi kupikia."

Mama hakushangaa. Majirani zao Waislamu nao huuliza nani amechinja. "Usiwe na wasiwasi, mwanangu," alimjibu. "Hapa kwangu haitaguswa na nyama."

Sasa jana, Jumapili, iliguswa.

Mama alikuwa kwaya, na Talia alikuwa ameteremka sokoni Usa River kununua karanga. Baba mdogo Elihuruma akatokea na kilo ya nyama ndani ya gazeti.

"Mwanangu, tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni. Nipikie ndizi."

Sufuria kubwa ilikuwa imeazimwa kwa sherehe ya kipaimara ya jirani. Ile ndogo ilikuwa na maharage. Nice akaitazama yenye bluu. Mara moja tu, akajiambia. Baba mdogo alipokwisha kuondoka ameshiba, Nice aliisugua kwa majivu na mchanga mpaka ikang'aa, na alama ya bluu ikachubuka.

"Hiyo si ya Talia?" aliuliza Lucky.

"Ulikula, hukula?"

"Nilikula."

"Basi nyamaza."

Na Lucky alinyamaza kweli, jambo ambalo si kawaida yake.

Safari ilianza jua lilipochomoza. Walipanda kati ya mibuni na migomba, wakafuata kijia chembamba chenye utelezi. Talia aliteleza akakaa chini puu.

"Mlima umekusalimia," Lucky alisema. "Itikia marahaba."

"Marahaba, mlima," Talia akaitikia, akajifuta matope. Aliimba njia nzima. Alimwuliza Nice jina la kila mti, na Nice alijibu kwa mkato. Hotipoti ya chakula ilikuwa mgongoni mwa Nice, ikimgonga kila hatua.

Walipofika, maji yalikuwa yanaanguka meupe na baridi. Talia alinawa, akatandika kanga kwenye jiwe, akafungua hotipoti. Ndizi kwa karanga. Harufu ilikuwa nzuri. Akainamisha kichwa, akaanza kunong'ona sala kwa Kiebrania, kama alivyofanya kila siku kabla ya kula. Nice alimtazama midomo. Ikimalizika hiyo sala, atakula.

"Talia, usile."

Talia akainua macho.

"Jana nilipikia nyama sufuria yako," alisema Nice. "Baba mdogo alikuwa na njaa. Nikaiosha. Nilidhani haitajulikana."

Talia alirudisha kijiko taratibu, uso umemwiva.

"Asubuhi nilionja chumvi," alisema.

"Na mimi nilijua," Lucky akasema kwa sauti ndogo.

"Kwa nini hukuniambia asubuhi, Nice?"

"Niliogopa hatutakuja tena."

"Ungeniambia, ningebeba parachichi, tukaja vilevile."

Talia akala ndizi mbivu mbili alizokuwa nazo mfukoni. Chakula akawasogezea wao. "Kuleni. Kizuri, kisitupwe." Nice alikula kidogo, akafunika hotipoti. Wakati wa kuteremka Talia aliwashika mikono penye utelezi, ila hakuimba. Nice aliona heri angechapwa.

Nyumbani, Nice alimwambia mama mwenyewe, kabla hajaulizwa. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakupandisha sauti. Aliweka ungo chini, akamvuta Nice karibu naye.

"Kumlisha baba yako mdogo hukukosea," alisema. "Ungeweza kuhamisha maharage kwenye bakuli ukapata sufuria. Lakini sikiliza. Sufuria iliyooshwa haina cha kumwonyesha Talia. Hawezi kuona, hawezi kunusa. Yuko mbali na mama yake, na kila anachokula hapa anakula kwa kutuamini sisi. Mtu akikuamini kwa jambo asiloweza kulikagua, hapo ndipo ukweli wako unapopimwa. Umechelewa kusema, lakini umesema kabla hajala. Nimefurahi kwa hilo. Sasa nenda kamwulize unawezaje kutengeneza."

Talia alikuwa ameshampigia simu rabi, mwalimu wake wa dini. Dawa ilikuwepo. Sufuria ikae siku nzima bila kutumika, isuguliwe vizuri, halafu ijazwe maji pomoni na kuchemshwa mpaka yafurike pande zote.

Kesho yake jioni Nice alikwenda bombani mara mbili, akachochea kuni mwenyewe. Maji yalipanda, yakatetemeka, yakamwagika juu ya mafiga kwa kishindo cha mvuke na kuuzima moto karibu wote. Lucky alikimbilia nje. Talia alicheka mpaka akashika mbavu, na Nice alijua kuwa yamekwisha.

"Imerudi," Talia alisema. Akampa Nice ile rangi ya kucha, naye akapaka alama upya, nene zaidi ya mwanzo. Iliyobaki Lucky alijipaka kidole gumba.

Jumapili iliyofuata mama alikuwa kwaya tena, na Talia alikuwa bombani anafua. Baba mdogo Elihuruma akaingia jikoni na gazeti lake mkononi. Akatazama huku na huku, akanyoosha mkono kwenye rafu.

"Hii nzuri mbona imekaa bure?"

Nice alikuwa ameshaanza kuhamisha maharage kwenye bakuli. Akageuka.

"Hiyo ni ya Talia, haipikiwi nyama."