Mahema ya Jumatatu

Mfagiaji wa ukumbi ndiye aliyemkuta. Mama Ratiba alikuwa amelala kifudifudi ofisini kwake, nyuma ya jukwaa, chini ya chati aliyoibandika mwenyewe ukutani. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine kimetupwa chini ya meza. Damu ilikuwa imeshakauka kwenye zulia. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na kesho yake binti yake wa pekee alikuwa aolewe katika ukumbi huohuo.

Inspekta alichuchumaa kando ya maiti, magoti yakamlalamikia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzito wa mwili na mwepesi wa macho.

"Amepigwa kisogoni," alisema daktari wa polisi. "Pigo moja. Kitu kizito, butu. Jana jioni. Ukinibana nikupe saa kamili, nitakudanganya."

"Silaha?"

"Haionekani, Afande," alijibu Sajini kutoka mlangoni. "Mlango haukuvunjwa. Mkoba upo, simu ipo, cheni ya dhahabu ipo shingoni. Mwizi gani huyu, anaua halafu anaondoka mikono mitupu?"

"Si mwizi."

Inspekta alivaa glavu, akaukunjua polepole mkono wa kulia wa marehemu. Ndani ya ngumi mlikuwa na kipande cha karatasi ya kijani, kimechanika upande mmoja. Aliinua macho ukutani.

Mji mzima ulimjua mwanamke huyu, mpangaji wa sherehe, kwa chati zake. Juu siku, pembeni kazi, na kila kazi ilikuwa na ukanda wake wa karatasi ya rangi, umebanwa kwa pini, mrefu au mfupi kulingana na muda wake. Meza haziletwi kabla mahema hayajasimama uani. Maua hayapangwi kabla meza hazijafika. Ukichelewesha kimoja umevichelewesha vyote, na hapo ungeomba ardhi ipasuke ikumeze. Watu walitania kwamba Mama Ratiba hata chafya aliipangia nafasi.

Kwenye mstari wa mahema palibaki pini tu na chembe za karatasi ya kijani. Mtu alikuwa ameung'oa ukanda mzima.

"Sajini, harusi ni lini?"

"Kesho, Jumamosi."

"Mbona chati inakwenda mpaka wiki ijayo?"

Sajini alisogea, akakuna kidevu. Kweli, baada ya Jumamosi nafasi zilikuwa tupu, isipokuwa ukanda mmoja mfupi wa njano, siku ya Jumapili. Uliandikwa kwa mwandiko safi: *Mdogo wangu kumwona Mama.*

"Hata kumwona mama mzazi kumepangiwa zamu," Sajini alisema. "Mimi mama yangu angenicharaza bakora."

Inspekta alikwenda kumtafuta huyo mdogo mtu.

Mdogo mtu alikuwa ukumbini, akifunga vitambaa vyeupe kwenye migongo ya viti. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Kila mtu pale, hata wapambaji wasiokuwa na undugu naye, alimwita Mjomba, kwa kuwa ndivyo bibi harusi alivyomwita.

"Pole kwa msiba," Inspekta alimwambia.

"Tumeshapoa, Afande." Mikono yake iliendelea kufunga. "Nimemaliza mistari ya mbele. Hii ya nyuma ndiyo ilikuwa zamu yangu leo."

"Dada yako amekufa, na wewe unafunga vitambaa?"

"Nikikaa nitaanguka."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jana mchana. Alinituma nikapokee viti."

"Mama yenu yuko wapi?"

Fundo lilimponyoka. Aliokota kitambaa chini, akakipangusa.

"Hospitali. Anaumwa muda mrefu."

"Umeshamwona tangu ufike?"

"Nilifika Jumatatu. Dada alisema daktari amezuia wageni mpaka Jumapili." Alivuta kitambaa kingine. "Nikasubiri."

Bibi harusi alikuwa chumba cha kuvalia, nywele zimeshasukwa, kucha zimeshapakwa rangi. Alikuwa amejikunyata kwenye kiti kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Mama alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Na kila mtu, kila siku. Mpishi, mpambaji, mpiga picha. Lakini si ugomvi wa kuuana."

"Harusi hii iliwahi kuahirishwa?"

Msichana alishtuka. "Mara moja. Bibi alizidiwa, tukaisogeza mbele. Wakwe walikasirika. Walisema ikiahirishwa tena, basi tena, kijana wao ataoa kwingine."

"Bibi anaendeleaje sasa?"

"Mama ndiye aliyekuwa anakwenda kumtazama." Aligeuzia uso dirishani. "Mimi nilikuwa na mambo mengi."

Uani, mwenye mahema alikuwa anazungukazunguka kati ya kamba, akifoka peke yake. Alikuwa mzee mkavu, hana hata chembe ya staha kwa polisi.

"Mmekuja kwa nyundo yangu?"

"Nyundo gani?"

"Ya kugongea vigingi! Jana jioni niliiacha hapa, kwenye kona. Leo haipo. Nyundo ya mti mgumu, ina pete ya chuma. Mtu akiibeba utamwona, si pini ile."

Inspekta na Sajini walitazamana.

"Mzee, mahema haya ulipangiwa kuyashusha lini?"

Mzee aliacha kufoka. "Ee! Na wewe unauliza hilo?"

"Kwani nani mwingine aliuliza?"

"Kwanza nikujibu lako. Harusi Jumamosi, si ndiyo? Mimi mahema yangu huyashusha Jumapili asubuhi, maana yana wateja wengine. Jana asubuhi mama huyu akanipigia simu. Akasema niyaache mpaka katikati ya wiki ijayo. Nikamuuliza, harusi gani hiyo isiyokwisha? Akasema nifanye ninachoambiwa. Halafu akasema Jumapili nitoe mapambo yote. Utepe, taa za rangi, mazulia mekundu, vyote. Nibakize mahema matupu na viti."

Inspekta aliyarudia maneno hayo moyoni. Mahema matupu na viti. Watu watakaa hapo kwa siku kadhaa, bila taa za rangi, bila utepe.

"Na aliyekuuliza kabla yangu?"

"Yule Mjomba. Jana alasiri. Alitoka ofisini akaja hapa, akaniuliza kwa nini chati inaonyesha mahema mpaka wiki ijayo. Nikamwambia hivihivi ninavyokwambia wewe. Alisimama kama amepigwa na radi. Kisha akaondoka, kofia yake akaisahau."

"Alielekea wapi?"

Mzee alinyoosha kidole upande wa pili wa barabara, nyuma ya soko. Kutoka pale uani paa la hospitali lilionekana vizuri. Mtu mwenye haraka angefika hata kabla jasho halijamtoka.

Muuguzi wa wodi ya wazee hakutaka kusema. Alilikunja na kulikunjua koti lake mpaka Inspekta akafunga mlango.

"Yule bibi yuko wapi?"

"Alifariki, Afande. Alhamisi alfajiri. Yuko chumba cha maiti."

"Familia inajua?"

"Binti yake mkubwa anajua. Alikuja, akamfumba macho, akasaini. Akatuomba tusimwambie mtu yeyote mpaka Jumatatu. Alisema kuna shughuli haiwezi kusimama. Alisema Jumatatu atatangaza, kila kitu kitakuwa tayari."

"Daktari alizuia wageni?"

"Nani? Hapana! Sisi tulikuwa tunaomba waje. Bibi alikuwa anamwulizia mwanawe wa mwisho kila kukicha. 'Dereva wangu amefika?' Binti yake anamjibu, 'Bado yuko njiani, Mama. Barabara mbovu.'" Muuguzi alifuta jicho kwa kiganja. "Bibi akawa anatuomba tumwombee mwanawe asipate ajali."

"Jana alasiri alikuja mwanamume?"

"Alikuja. Akasema, 'Mimi ndiye dereva.' Nikadhani ndiyo kwanza amefika. Nikamwambia pole, umechelewa kidogo tu. Akaniuliza mama alisema nini. Nami nikamweleza yote, Afande. Sikujua kama nachochea moto."

Kabla hawajatoka hospitalini, simu ya Sajini iliita. Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa amepata dole gumba lenye damu ukutani, kando ya chati. Na askari waliokuwa wakipekua uani walikuwa wameivuta nyundo kutoka kwenye tangi la maji nyuma ya jiko.

"Twende tukamfunge pingu," Sajini alisema.

"Twende tukazungumze naye kwanza."

Mjomba alikuwa amefikia mstari wa mwisho wa viti. Ukumbi wote uling'aa weupe, na wapambaji walikuwa wameshaondoka. Inspekta alivuta kiti kimoja, akakaa.

"Natoka hospitali," alisema.

Mikono ya Mjomba ilisimama. Alikaa naye, viti viwili mbali, akatazama jukwaa.

"Basi unajua," alisema.

"Najua mpaka uliporudi kutoka kule. Hapo pengine unieleze mwenyewe. Hulazimiki kusema, na utakalosema litaandikwa."

"Liandikwe." Alipumua. "Dada ndiye aliyenilea, Afande. Baba alipoondoka, Mama alikuwa anashinda sokoni, Dada ananiogesha, ananipeleka shule. Alikuwa na ratiba tangu utoto. Saa ya kula, saa ya kusoma, saa ya kucheza. Sikuwahi kumpinga. Jumatatu nilipofika nikamwambia nakwenda kumwona Mama, akanionyesha ukutani. 'Daktari amezuia wageni. Wewe umepangwa Jumapili.' Nikasema sawa, Dada. Mtu mzima mimi, mwenye wake na watoto, nikasema sawa, Dada."

"Kisha?"

"Nikabeba viti. Siku nzima nabeba viti, hospitali naiona pale. Mama anahesabu pumzi zake, mimi nahesabu viti."

Alinyoosha kitambaa cha kiti kilichokuwa mbele yake.

"Jana nilipotoka hospitali nilipita uani. Nyundo ilikuwa pale. Sijui kwa nini niliibeba, naapa sijui. Nikaingia ofisini, nikamwuliza, 'Mama yuko wapi?' Akanitazama usoni, akajua kwamba najua. Nikadhani ataanguka magotini, aniombe radhi. Akaenda kufunga mlango watu wasisikie. Akasema, 'Nisikilize. Ukilia sasa hivi umemharibia mwanangu maisha. Kilio nimekiweka Jumatatu. Mahema yapo, viti vipo, mpishi ameshaambiwa. Mama atazikwa vizuri kuliko mtu yeyote mji huu.'"

"Ukafanya nini?"

"Nikaung'oa ule ukanda wa kijani. Nilitaka kuichana chati yote. Akaniwahi, akaukamata, tukavutana kama watoto. Ukachanika. Akanigeuzia mgongo, Afande. Akaanza kutafuta karatasi nyingine ya kijani mezani, akate ukanda mpya. Mama yetu amelala kwenye jokofu, na yeye anatafuta mkasi."

Alitazama viganja vyake.

"Nikampiga. Mara moja tu. Ninachokumbuka ni kiatu kimemtoka mguuni, na mimi nikawaza, kitafutwe, Dada hapendi vitu visambae."

Kile kipande kingine cha ukanda kilikuwa mfukoni mwake, kimekunjwa vizuri. Alikitoa bila kuombwa, akakiweka juu ya kitambaa cheupe cha kiti.

"Kwa nini hukukimbia?" aliuliza Sajini. "Lori unalo."

"Nikimbilie wapi? Niliyekuwa namfuata yuko hapa."

Akanyoosha mikono mwenyewe. Sajini alimfunga pingu.

Alasiri ile bibi harusi alifika kituoni peke yake. Wakwe walikuwa wameshatuma mtu kuchukua zawadi zao. Aliketi mbele ya meza ya Inspekta, mikono mapajani, nywele bado zimesukwa kwa ajili ya kesho.

"Nataka kumwona Mjomba."

"Nilimwuliza. Hataki."

Msichana alitikisa kichwa taratibu. "Ataruhusiwa kuja kuzika?"

"Sidhani."

"Basi nitazika mwenyewe. Wawili."

Inspekta alifunga jalada la kesi. Kulikuwa na swali moja ambalo halikuhitajika katika jalada. Mtuhumiwa alikuwa amekiri, silaha imepatikana, alama za vidole zimelingana. Aliliuliza hata hivyo.

"Kuhusu bibi yako. Ulijua?"

Nje, mtu alikuwa anafungua na kufunga mlango wa gari. Msichana alianza kubandua rangi ya ukucha mmoja kwa ukucha mwingine.

"Mama aliniambia Alhamisi asubuhi," alisema. "Nilikuwa nasukwa."

"Ukalia?"

"Nilianza. Akanikataza." Rangi iliendelea kudondoka mezani. "Alisema macho yatavimba kwenye picha."