Tangazo la Msiba Halifunguki

Hapa Nyasura, mjini Bunda, kikundi chetu cha kuzikana kina tovuti. Mtu akifariki, tangazo linawekwa humo: jina, nyumba, siku ya kuzika, namba ya mwenyekiti. Ndugu walio mbali wanaangaliaga kila jioni. Namba za simu zinapoteaga. Anuani ya tovuti haipotei.

Anayeitunza ni Mugeta, fundi simu. Mama yake, Pelagia, ndiye mwenyekiti. Mugeta anajitolea, halipwi. Shida yake moja: akiombwa kitu, hajui kukataa.

Wanachama walimsumbua. "Msiba gani kimya hivyo? Weka kwaya. Weka mshumaa unaowaka."

Akaweka. Ukitaka tovuti ifanye kazi mpya, unapachika plagini, yaani kipande cha programu. Mugeta alipachika ya mshumaa, ya picha zinazopita, mpaka ya hali ya hewa. Ya kwaya inauzwa. Jumapili akachukua ya wizi, ya bure, kwenye grupu moja la mtandaoni. Hakumwambia mtu.

Jumanne, mama Helena akafariki. Ana mtoto mmoja tu, Werema, anayechimba dhahabu Buhemba, huko Butiama. Simu yake haipatikani. Tangazo likawekwa. Maziko Ijumaa. Na kwetu, udongo wa kwanza anatupa mtoto wa marehemu.

Alhamisi asubuhi, Werema hajafika.

"Huyo kaona dhahabu, kasahau mama," alisema Boniphace, jirani. Wengine wakaitikia.

Saa tano akaingia Gaudensia, mpwa wa marehemu, kutoka Musoma. Kazi yake ni kutunza tovuti za shule. Alilia na wenzake, akanawa uso, kisha akamwita Mugeta pembeni.

"Msiba nimepigiwa simu, njia ya kuja hapa nimeulizia kwa watu. Tovuti yako imenipeleka kwenye kubeti."

"Kwangu inafunguka vizuri, dada."

"Wewe unaingia kama msimamizi. Kirusi kinakukwepa. Lete simu ya mama."

Wakafungua kwa simu ndogo ya Pelagia. Ukurasa ukabaki mweupe. Dakika nzima. Ukaja mshumaa. Halafu ukaja mpira na maneno: bashiri ushinde.

Pelagia akauliza polepole, "Watu wa Buhemba wanaona hii?"

"Hii hii, mama."

Pelagia akakaa chini. "Basi sisi ndio tumemficha Werema msiba wa mama yake."

Mugeta akasema yote, mpaka ile ya wizi.

"Aliyeivunja hiyo plagini ili iwe ya bure hakukuhurumia," Gaudensia alisema. "Aliweka mlango wake wa siri ndani, ndio unaopeleka watu kwenye kubeti. Una nakala ya tovuti ya kabla ya Jumapili?"

"Kampuni inayotuhifadhia tovuti inaweka kila siku."

"Rudisha ya Jumamosi. Nywila badilisha zote. Tangazo liandike upya."

Mugeta akafanya.

"Hizi zingine nizime?"

"Futa. Ukizima tu zinabaki ndani, hazitunzwi, na mwizi anapitia hapo hapo. Mshumaa unamwambia nani siku ya kuzika?"

"Hakuna."

"Basi ni mzigo wa bure, na mtandao wa Buhemba ni dhaifu, hauwezi kuubeba."

"Na wakiniomba tena?"

"Jiulize: ikikosekana, nani ataumia? Kama hakuna, kataa. Kama yupo, chukua kwenye duka rasmi la plagini. Soma nani kaitengeneza. Angalia mara ya mwisho imeboreshwa lini, na kama inakubaliana na tovuti yako. Hifadhi nakala kwanza, ndipo upachike. Halafu jaribu kwa simu mbovu kuliko zote, uwe umetoka kwenye akaunti yako, sio kama msimamizi."

Wakajaribu kwa simu ya Pelagia. Sekunde nne. Jina la mama Helena likatokea.

Jioni simu ya Pelagia ikaita. Namba ngeni.

"Mama mwenyekiti, ni Werema. Simu yangu iliingia maji, hii ya mwenzangu. Nimeona tangazo sasa hivi. Ni kweli?"

"Ni kweli, baba. Njoo."

"Toka Jumanne nafungua, naletewa kubeti. Tulikuwa tunacheka, tukasema Nyasura wameuza tovuti. Nilikuwa nacheka, mama."

Werema alifika Ijumaa kabla jeneza halijatoka ndani. Alitupa udongo wa kwanza. Boniphace alitazama chini.

Watu walipotawanyika, Mugeta akamfuata Werema.

"Ni mimi niliyeharibu."

"Nimeambiwa. Siku mbili mama amelala hapa, mimi sijui."

"Ndiyo."

"Usimfanyie hivi mtu mwingine."

Sasa tovuti ina plagini mbili: moja ya ulinzi, moja ya kuhifadhi nakala. Kila mwezi Mugeta anaziboresha, kisha anaazima simu ya mama yake na kujaribu.

Miezi miwili baadaye alifariki mzee Apolinary. Tangazo lilitoka saa mbili asubuhi. Saa nane mchana gari la Buhemba likasimama Nyasura. Werema ndiye aliyeshuka wa kwanza, akauliza jembe la kuchimbia kaburi liko wapi.