Neno Alilolisema Benedicta kwa Jina la Baba

Kila siku Benedicta alipotoka shuleni alivua sare, akala mihogo na maharage aliyowekewa na mama yake, kisha akafagia uwanja haraka haraka. Alikuwa na sababu ya kuharakisha. Jua lilipoanza kupoa, baba yake, mzee Audax, alirudi kutoka shambani akisukuma baiskeli, na Benedicta alipenda awe wa kwanza kumpokea jembe. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto pekee katika nyumba ile ya Nyamigogo. Tangu apate akili alijua kwamba baiskeli ile ilikuwa ya baba, na aliyestahili kupakiwa ni yeye.

Mambo yalianza kubadilika mwezi wa pili, jirani yao Bibi Speciose alipoambiwa kwamba ana presha. Bibi huyo, aliyehamia kijijini hapo miaka ya nyuma, aliishi na mjukuu wake, Akimana, aliyesoma darasa moja na Benedicta. Baba yake Akimana alikuwa amefariki zamani, na mama yake aliuza vitenge kule Kabanga, mpakani, akirudi nyumbani mara moja moja. Zahanati ilikuwa mbali, ng'ambo ya bonde. Kila dawa za bibi zilipokwisha, Akimana aliichukua kadi ya bibi yake, akaenda kwa miguu, na siku hiyo hakuonekana shuleni.

Mzee Audax, aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya yao ya Wakristo, hakupendezwa na jambo hilo.

"Mtoto huyu nitamfundisha baiskeli," alisema siku moja wakati wa chakula. "Akijua kuendesha, ataazima ya kwangu. Atakwenda baada ya masomo na kurudi mapema."

"Na mimi je, Baba?" Benedicta aliuliza. "Mimi uliniahidi tangu mwaka jana."

"Wewe utafuata, mwanangu. Mwenzako ana shida isiyoweza kungoja."

Benedicta aliisukuma sahani yake kando.

Mafunzo yalifanyika jioni, kwenye uwanja wa mpira karibu na kanisa. Benedicta alikaa pembeni akitazama. Baba yake alikimbia nyuma ya baiskeli, ameshika keria, jasho likimtoka, akicheka kama kijana. "Tazama mbele! Shika breki! Hivyo hivyo!" Siku ya tatu Akimana aliyumba, akapiga kelele, "Usiniachie, Baba!"

Baba! Neno lile lilimchoma Benedicta kifuani. Akimana alikuwa amelisema kwa hofu tu, wala hakujua kama amelisema, lakini Benedicta alilisikia hadi usiku. Toka hapo akaanza kuona mengi. Alipoleta jaribio la hisabati ambamo alikuwa wa pili, baba alisema "vizuri" bila kuinua kichwa, maana alikuwa akikaza mnyororo ili Akimana asianguke. Wanawake walipotoka kusali walimwambia, "Audax, Mungu akubariki, unamlea yule binti kama wako." Naye alitabasamu. Benedicta alitamani kuwauliza: Na wa kwake analelewa na nani?

Jumanne moja Akimana alikuja kuchukua baiskeli. Sasa alikuwa ameshajua kuendesha vizuri, na dawa za bibi zilikuwa zimebaki za siku mbili. Baba alikuwa shambani. Baiskeli aliiacha makusudi, imeegemea ukuta. Mama yake Benedicta, Tecla, alikuwa amekwenda mashineni kusaga unga. Benedicta alisimama mlangoni, na kabla hajajizuia maneno yakamtoka.

"Baba amesema usije tena. Amesema mmetuchosha, wewe na bibi yako."

Akimana alimtazama. "Amesema yeye?"

"Yeye mwenyewe."

Akimana aliifunga vizuri kadi ya bibi yake kwenye pembe ya kanga, akageuka, akaondoka taratibu.

Jioni ile Benedicta alifurahi. Baba alikuwa wake peke yake tena. Lakini furaha yenyewe haikumaliza hata siku mbili. Baba alianza kuuliza, "Akimana mbona haonekani?" Benedicta akajibu kwamba hajui. Wakati wa sala ya jioni baba alifumba macho, akasema, "Ee Mungu, mwangalie mtoto wetu Akimana na bibi yake. Kama nimewakosea, nionyeshe nilipokosea." Mama akaitikia amina. Benedicta akainuka upesi, akaenda kulala.

Jumamosi jumuiya ilisali, na kwa mara ya kwanza Bibi Speciose hakufika. Sala ilipokwisha, mzee Audax alichukua baiskeli yake.

"Benedicta, twende tukamwone bibi."

Benedicta alitamani kusema anaumwa tumbo. Lakini alimfuata baba yake.

Walimkuta bibi amelala kwenye mkeka, kitambaa cha maji kikiwa kwenye paji la uso. Akimana alikuwa akimpepea.

"Shikamoo, Mama," mzee Audax alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kichwa kinataka kupasuka. Dawa zimeisha tangu Jumatano. Juzi mtoto alitembea mpaka zahanati, akafika wameshafunga."

"Mama! Na baiskeli ipo nyumbani?"

Bibi alitazama ukutani. "Tulisikia kwamba tumewachosha. Sikutaka kukusumbua tena. Sisi tulikuja huku tukiwa hatuna kitu, na watu wamechoka nasi mara nyingi. Ila kwako sikutegemea."

Mzee Audax alipigwa na butwaa. "Nani amesema maneno hayo?"

Benedicta alimwangalia Akimana, akangoja jina lake litajwe. Akimana aliinamisha macho, akasema, "Pengine mimi nilisikia vibaya, mzee."

Kama Akimana angemtaja, huenda Benedicta angekana. Lakini kule kufichiwa kosa kulimshinda. Akaanza kulia.

"Hakusikia vibaya. Ni mimi, Baba. Nilidanganya. Nilisema ni wewe uliyesema."

Benedicta alingoja kofi. Badala yake baba yake alichuchumaa mbele ya mkeka.

"Mama, neno hilo halikutoka kinywani mwangu. Lakini limetoka nyumbani kwangu. Utusamehe."

Benedicta naye akapiga magoti, akaomba msamaha, kwa bibi kwanza, kisha kwa Akimana. Bibi alimshika mkono, akasema, "Nimesikia, mjukuu wangu. Haya, kwanza nipate dawa."

Wakakunja kitenge, wakakiweka juu ya keria, wakampakia bibi. Mzee Audax alisukuma baiskeli polepole, na wasichana wakafuata nyuma.

"Kwa nini ulinifichia?" Benedicta aliuliza.

"Niliogopa utapigwa," Akimana alijibu. Akatembea kidogo, kisha akaongeza, "Halafu mimi nami nilikuwa nakuonea wivu. Mimi nilikuwa naye saa moja tu pale uwanjani. Wewe unaye kila siku."

Benedicta hakuwahi kuwaza hivyo hata mara moja.

Zahanati ilikuwa wazi. Muuguzi alimpima bibi, akatikisa kichwa, akampa dawa na kumwagiza apumzike pale. "Mmefanya vizuri kumleta leo," alimwambia mzee Audax. "Dawa za presha hazikatizwi, hata mtu akijisikia mzima."

Akimana alibaki ndani na bibi yake. Nje, mzee Audax alikaa kwenye benchi, akamwita Benedicta karibu.

"Mwanangu, nami nina kosa la kuungama. Watu waliponisifu kwamba nalea mtoto wa jirani, nilifurahia sifa zile. Sikugeuka kukutazama wewe. Nilikuahidi, nikakuacha ungoje bila kukueleza. Hilo ni langu, na Jumapili nitakwenda nalo mbele za Mungu. Unisamehe."

"Nimekusamehe, Baba."

"Lakini la kwako ni lako. Kuona wivu si ajabu, hata watu wazima tunauona. Ukiuona, njoo uniambie, hata kama nimeshika kazi, hata kama una hasira nami. Wewe uliuficha, ukautafutia uongo wa kuusaidia, na uongo ule ulimpita Akimana ukamfikia mgonjwa. Ulidhani nikimpenda yeye, wewe unapungukiwa. Hukupungukiwa, mwanangu. Aliyepungukiwa ni bibi, siku tatu bila dawa. Jumamosi ijayo utakwenda kumchukua uje naye kwenye sala, na kila atakayekuuliza utamwambia ukweli mwenyewe."

"Ndiyo, Baba."

Mlango ukafunguliwa. Bibi Speciose alitokeza, akiegemea bega la Akimana, akitafuta mahali pa kukanyaga. Benedicta alifuta machozi kwa kiganja, akainuka, akaenda kumshika bibi mkono wa pili.